Mashini inajiendesha yenyewe, lakini nani anauliza ikikosea?

Tarehe 11 Desemba 2005, saa kumi na mbili asubui, depo ya mafuta ya Buncefield, karibu na muji wa Hemel Hempstead katika Uingereza, ililipuka. Watu 43 waliumia. Hakuna aliyekufa, juu ilikuwa siku ya Yenga na maofisi ya jirani yalikuwa bado matupu.

Pale esanse ilikuwa inaingia katika tangi namba 912 kwa bomba, na kipimo kinaonyesha kiwango kwenye ekra. Usiku ule, saa tisa na dakika chache, kipimo kiligandama. Ekra ikaendelea kuonyesha kama tangi haijajaa. Kulikuwa swichi ya pili, ya kufunga bomba yenyewe kama kipimo kimeshindwa. Nayo haikufanya kazi, juu ya kadena! Ile kufuli ndogo ndiyo ilipaswa kushika mukono wa swichi pahali pake. Watumikaji walifikiri ni ya kuzuia watu wasiichezeshe tu, hawakuiweka. Zaidi ya litre 250,000 za esanse zikamwangika.

Kuna njia ya kutafuta hatari kama hizi mbele, inaitwa HAZOP. Kampuni ICI ya Uingereza iliianzisha katika miaka ya 1960. Kikundi kinakaa na mupango wa kiwanda, kinashika bomba moja moja na kuuliza kwa maneno mafupi: hakuna, zaidi, pungufu, kinyume. Esanse ikiwa zaidi, nini itatokea? Nani ataona? Kama jibu ni «swichi itafunga», wanaendelea: na swichi ikiwa imekufa, tutajua namna gani? Hapo ndipo kadena ingeonekana.

Wakuu wa kiwanda wanapenda kuweka mezani maenjenia peke yao. Ni kosa. Kipimo cha tangi 912 kilikuwa kimegandama mara 14 tangu mwisho wa Agosti, na ni mutu wa zamu ndiye anaona mambo kama hayo, tena usiku.

Huku kwetu Katanga, viwanda vingi vinatumia asidi sulfuriki kwa kutoa shaba katika mawe, na pompi zinaongozwa toka chumba cha maekra. Mutumikaji anaweza kumuuliza mukubwa wake swali moja: ile alama ya hatari, mara ya mwisho waliijaribu siku gani, na nani alikuwa pale?