MTO HUANZA MLIMANI

Mtu akija hospitali na kuhara, munganga humwuliza, "Umekunywa maji ya wapi?" Wengi hujibu, "Ya mtoni." Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu. Maji ya mto nayo yametoka mahali, na yale yaliyoyapata njiani yameingia katika mtungi wako. Basi tujifunze njia yake.

Bonde la mto ni nini?

Tazama paa la nyumba wakati wa mvua. Maji ya upande mmoja huanguka mbele ya nyumba, na maji ya upande wa pili huanguka nyuma. Mgongo wa paa ndio unaoyagawanya. Milima nayo ni hivyo. Nchi yote ambayo mvua yake hushukia mto mmoja, hiyo ndiyo bonde la mto ule.

Milima ya Itombwe, iliyo juu ya Uvira, ni mgongo wa namna hiyo. Mvua ya magharibi huingia katika mito kama Elila na Ulindi, nayo huenda mpaka Lualaba. Mvua ya mashariki hushuka kwa mito mifupi, kama Mulongwe, mpaka Ziwa Tanganyika. Ziwa nalo hutoka kwa mto Lukuga penye Kalemie, na Lukuga huingia Lualaba. Maji yaliyoachana mlimani hukutana tena mbali sana.

Mali iliyo katika bonde letu

1. Msitu wa juu. Majani ya miti hupunguza nguvu ya mvua, na mizizi hushika udongo. Maji huzama polepole, kisha hutoka chini yakiwa chemchemi, hata wakati wa jua. Msitu wa Itombwe ni mmoja wa misitu mikubwa ya milimani katika Afrika, na sokwe wakubwa waitwao gorila wanaishi humo.

2. Mteremko mkali. Milima inapita urefu wa mita 2,000, na ziwa liko kwenye mita 770 hivi. Maji hushuka mwendo mfupi kwa nguvu nyingi. Hiyo ndiyo tabia ya bonde letu, nasi hatuwezi kuibadili. Inatupasa kuijua na kuiheshimu.

3. Kingo za mto. Matete na vichaka vya kando huzuia matope na uchafu visiingie majini.

4. Ziwa. Lina kina cha mita 1,470 hivi, na ziwa linalolipita kwa kina duniani ni moja tu. Samaki wake wengi hawapatikani mahali pengine po pote. Lakini maji yake huondoka hasa kwa kukaushwa na jua. Yale yatokayo kwa Lukuga ni machache. Kwa hiyo matope na takataka tunazolipelekea hukaa humo. Matope hufunika mawe ambapo samaki wengine huzalia.

Usiku wa Aprili 2020

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha, na Mulongwe ukafurika katika mji wa Uvira. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba zikabomoka. Mitambo inayotengeneza maji ya mji, ambayo huyapata katika mto huo huo, iliharibika. Watu waliokosa maji ya bomba walirudi kuchota mtoni na ziwani. Na Uvira ni mahali ambapo kolera imerudi mara kwa mara kwa miaka mingi.

Ona basi: mlima usio na miti, mto wenye nyumba kingoni na mgonjwa kitandani si mambo matatu. Ni jambo moja. Mvua kubwa huja hata penye msitu, lakini penye mlima mtupu hushuka kwa haraka zaidi, pamoja na udongo.

Tufanye nini?

Wewe unayelima mlimani, chimba mitaro ya kukingama mteremko, upande matete juu yake. Usilime mpaka ukingo wa mto. Acha miti iliyo juu ya chemchemi.

Wewe unayejenga, usijenge palipopitwa na maji zamani. Waulize wazee, wao wanajua.

Choo kiwe chini ya chemchemi, kisiwe juu yake, na umbali usipungue mita 30. Chemchemi ijengewe kwa mawe na saruji, maji yatoke kwa bomba, na wanyama wazuiwe. Maji ya mto na ya ziwa yachemshwe kabla ya kunywa, hata yakionekana safi.

Mtu wa chini asimlaumu mtu wa juu tu. Aliyeko mlimani hulima kwa sababu watoto wake wana njaa. Kaeni pamoja, wa juu na wa chini, mpatane.

Maulizo

1. Mto unaokunywesha nyumba yako unaanza wapi?
2. Taja chemchemi tatu za bonde lenu. Nani anazitunza?
3. Choo chako kiko juu au chini ya maji ya jirani?