MOTOKARI YA ZAMANI ILIYOTENGENEZWA UPYA: MTU ANANUNUA NINI?



Juma hili picha moja iliyokatwa katika gazeti la Uingereza imezunguka katika darasa la tano mpaka ikachakaa. Inaonyesha motokari ndogo nyekundu, viti viwili, bila paa, magurudumu yake yenye nyuzi za chuma kama ya kinga. Chini imeandikwa: MGB ya mwaka 1965, imetengenezwa upya yote, inauzishwa. Wengine walicheka: nani atatoa feza nyingi juu ya motokari ya zamani hivi? Wengine wakajibu kwamba inangaa kupita mpya. Kumbe wote waliangalia rangi tu. Tuangalie chini ya rangi.

Kwanza jina. MG ni kifupi cha Morris Garages, garaji ya mji wa Oxford, ambamo Cecil Kimber alianza kuunda motokari za spoti katika miaka ya 1920. MGB ilitoka mwaka 1962 katika kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, ikaendelea mpaka mwaka 1980, wakati kiwanda kilipofungwa. Pamoja na ndugu yake GT yenye paa, zilitoka zaidi ya 500,000, na nyingi zilivuka bahari kwenda Marekani. Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba ni kitu cha pekee duniani. Motere yake iko na silindere nne, sentimeta kubiki 1798, na karbiratere mbili za SU. Motere ya jamaa ileile iliingia vilevile katika motokari za kawaida za watu wa nyumbani. Mafundi wanaijua, haisumbui sana.

Basi shida iko wapi? Iko katika bati. MGA, iliyokuja mbele ya MGB, ilikuwa na shasi, ni kusema vyuma vikubwa vya chini vinavyobeba kila kitu. MGB haina shasi ya namna ile. Bati lenyewe, lililokunjwa na kuunganishwa, ndilo linabeba motere, magurudumu na watu. Tena paa hakuna ya kusaidia. Hivi nguvu yote ya katikati inatoka katika vyuma viwili virefu chini ya milango, upande wa kuume na wa kushoto. Vyuma hivi ni vipande vya bati vilivyofungwa pamoja kama sanduku, ndani ni wazi. Maji yanaingia humo. Na kule Uingereza, wakati wa baridi, wanamwanga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, nayo chumvi inaingia pamoja na maji. Kutu inakula toka ndani kuja inje. Ni kama mti wa nyumba ulioliwa na mchwa: ganda linasimama vizuri, lakini gonga kwa kidole utaona.

Fundi wa kweli anatoa motere, anafunga vyuma katika nafasi ya milango ili bati lisijikunje, kisha anakata kutu yote na kuweka vipande vipya. Ni kazi ya miezi mingi, na gharama yake inaweza kupita bei ya motokari yenyewe. Fundi wa haraka anaweka bati jipya juu ya lile bovu, anajaza mastiki, anapaka rangi nyekundu. Wote wawili wanaandika neno moja: imetengenezwa upya. Katika picha zote ni sawasawa.

Namna gani kuzijua? Angalia nafasi kati ya mlango na bati. Ikiwa ni nyembamba juu na pana chini, motokari imekwisha kujikunja katikati. Weka kriki, inua upande mmoja: mlango ukikataa kufunguka, nenda zako. Pitisha sumaku iliyofungwa katika kitambaa. Penye mastiki nyingi haishiki. Kisha omba picha za kazi, zilizopigwa mbele ya rangi. Mwenye kufanya kazi vizuri huwa anazo, tena atakuonyesha kwa furaha mpaka uchoke.

Kuna jambo lingine lililoleta ubishi hapa darasani. Toka mwaka 1988, British Motor Heritage ilianza kutoa bati zima jipya la MGB kwa mitambo ya zamani. Mtu anahamisha motere, magurudumu na viti kutoka gari bovu, kisha anasema ni ya 1965. Ni uongo? Mimi ninasema hapana, ikiwa muuzaji anatangaza wazi. Bati lile lina nguvu kupita lililoshonwa-shonwa. Lakini akinyamaza, hapo anauzisha kitu kingine.

Na batri: katika MGB za mwaka ule, ncha iliyofungwa kwa bati ni ile ya +, si ya −. Wengi waliozitengeneza waligeuza. Mnunuzi aulize mbele ya kufunga radio yake, ao ataiunguza siku ya kwanza.