Vishikwambi na Somo la Kiingereza: Kisumu Ilikwisha Kutujibu

Kila unapozuka mjadala kuhusu teknolojia shuleni, sisi Wakenya hukimbilia kuhesabu vifaa. Shule ngapi zimepata vishikwambi? Ngapi zina umeme? Ngapi zimeunganishwa na mtandao? Maswali haya ni ya haki, lakini hayamgusi mwalimu anayesimama mbele ya darasa lililofurika watoto kule Nyakach au Seme akiwafundisha Kiingereza. Yeye amefunzwa kufanya nini na kifaa hicho? Naandika nikiwa mtu wa isimu ambaye kazi yake ni kuwafunza walimu wa lugha katika eneo hili la ziwa, na ndugu msomaji aniwie radhi iwapo nitaegemea upande wa taaluma yangu.

Wengi hawafahamu kwamba jambo hili lilikwisha kupimwa papa hapa Kisumu. Mradi wa kusoma na hisabati uliojulikana kwa kifupi kama PRIMR uliendeshwa pamoja na Wizara ya Elimu, kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza, kati ya 2011 na 2014. Katika kaunti hii shule ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi. Kundi la kwanza, vishikwambi walipewa wakufunzi wanaowazuru walimu darasani. Kundi la pili walipewa walimu wenyewe. Kundi la tatu, wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Kundi jingine liliachwa kama lilivyokuwa ili liwe kipimo.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016. Watoto wa makundi matatu yaliyosaidiwa waliwashinda wale ambao hawakusaidiwa. Hata hivyo, kukiweka kifaa mkononi mwa mwalimu au mwanafunzi hakukuleta faida ya maana kuzidi ile iliyopatikana pale kilipokuwa mkononi mwa mkufunzi peke yake. Sababu yake si fumbo. Mkufunzi mmoja huhudumia shule nyingi, hivyo vifaa vinavyohitajika ni vichache. Tena akija darasani huketi nyuma, husikiliza somo, kisha hukaa na mwalimu wakazungumza juu ya kile kilichotokea dakika chache zilizopita. Mwalimu hubadilika kwa mazungumzo kama hayo.

Kinaya ni kwamba katika mwaka huo huo wa 2016 serikali ilianza kuitimiza ahadi ya kampeni ya 2013 ya kuwapa watoto wa Darasa la Kwanza tarakilishi. Vifaa zaidi ya milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma. Walimu walipewa mafunzo, ni kweli. Lakini wale ambao nimezungumza nao husimulia habari ya siku chache za kuonyeshwa namna ya kukiwasha kifaa, kukichaji na kukifungia kabatini kisiibiwe. Sijakutana na hata mmoja aliyeniambia kwamba alifundishwa namna ya kukitumia kufundishia matamshi au ufahamu. Matokeo yake kila mtu anayajua.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa mafunzo ya teknolojia yasiyojali somo lenyewe ni kazi bure. Chukua mtoto wa Dunga ambaye lugha yake ya nyumbani ni Dholuo. Dholuo haina sauti ya «sh», na ndiyo maana mtoto huyo husema «sule» badala ya «shule», na tatizo hilo hilo humfuata katika Kiingereza. Sisi huchekeshana kwa jambo hili hata bungeni. Lakini Dholuo ina «th» na «dh»: nyoka ni «thuol», mdomo ni «dhok». Sauti hizi za Kiingereza, ambazo huwatoa jasho watoto wengi duniani, mtoto wa ziwa amezaliwa nazo. Aidha, wanaisimu huhesabu irabu tisa katika Dholuo, ingawa maandishi yake hutumia herufi tano tu. Sikio lililolelewa katika irabu tisa lina mtaji ambao sikio la irabu tano za Kiswahili halina, hasa pale Kiingereza kinapotofautisha irabu zinazokaribiana.

Programu za matamshi zinazouzwa huku na huko hazijui lolote kati ya haya. Humrudisha mtoto katika zoezi la «th» ambalo halihitaji, na «sh» zikaipitia haraka. Mwalimu anayeijua Dholuo na aliyesoma isimu kidogo ndiye anayeweza kuchagua. Naye hahitaji kifaa cha bei ghali. Simu yenye kinasasauti yatosha. Huwaambia wanafunzi wangu wa ualimu wamrekodi mtoto akisoma sentensi tatu, wamchezeshee asikilize, kisha wamwachie mwenyewe aseme amesikia nini. Mara nyingi mtoto hulitambua kosa kabla ya mwalimu kufungua kinywa. Wanafunzi wangu hushangaa kwamba somo la teknolojia laweza kuwa fupi kiasi hicho, na baadhi yao, nadhani, huhisi wamepunjwa.

Tusidhani vilevile kwamba tumeanza kuvumbua leo. Kati ya 1980 na 1985 Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya kwanza matatu ya shule za msingi za mashambani. Sauti ya redioni iliuliza, watoto wakajibu kwa pamoja, na mwalimu alikuwa na kijitabu chake cha kumwongoza. Watoto walifaidika. Ufadhili ulipokwisha, mtindo ule haukuwa desturi ya shule zetu. Redio ilikuwa rahisi kuliko kishikwambi, na bado hatukuweza kuitunza.

Hatari hiyo hiyo inatukabili sasa. Mafunzo ya PRIMR yaliingizwa katika mpango wa Tusome ulioenea nchini kuanzia 2015. Wakufunzi walipewa vishikwambi vilivyoonyesha shule walizozuru, na nauli yao ikalipwa kwa kufuata ziara hizo. Ni jambo la kawaida mno, lakini huenda nauli hiyo ilifanya zaidi kwa Kiingereza cha watoto wetu kuliko shehena nzima ya tarakilishi. Shirika la Marekani lililoudhamini mpango huo, USAID, lilifungwa mwaka wa 2025. Mtaala mpya wa umilisi nao, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2019, unataja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wake saba wa kimsingi. Basi tunadai zaidi kutoka kwa mwalimu wakati ule ule ambapo aliyemgharamia mkufunzi wake ameondoka.

Tume ya Kuwaajiri Walimu ilizindua mafunzo ya lazima ya kujiendeleza kitaaluma mwaka wa 2021, na manung'uniko yaliyosikika zaidi yalihusu ada ambayo mwalimu alitakiwa kuilipa mwenyewe. Sitayaingilia mabishano hayo. Ninachosema ni kwamba kozi inayosomwa nyumbani jioni haiwezi kuchukua nafasi ya mtu anayeketi nyuma ya darasa lako Jumanne asubuhi.

Wakufunzi hao wangali watumishi wa Tume. Kila mmoja ana eneo lake, kuanzia Muhoroni hadi ufuoni kule Seme, na wengi wao walikuwa walimu hodari wa lugha. Wapewe nauli ya bodaboda ya kuzuru shule, na mafunzo ya wiki moja au mbili kuhusu sauti za Kiingereza na za lugha za wanafunzi wao, pamoja na matumizi ya simu waliyo nayo mfukoni. Ningependa kuyaona makadirio ya bajeti yajayo yakizitaja fedha hizo waziwazi, hata kama ni kwa kaunti hii peke yake na kwa mwaka mmoja wa majaribio.