Kupanda Mlima Kenya kwa Njia ya Sirimon

Wako watu wengi waliozaliwa mahali ambapo Mlima Kenya huonekana kila asubuhi, wakalima chini yake na kunywa maji ya mito yake, wala hawajafikiri hata mara moja ya kuwa wangeweza kuupanda. Hudhani kazi hiyo ni ya wenye kamba na nyundo. Kwa habari ya Batian, wenye mita 5,199, na Nelion, wenye mita 5,188, wanadhani sawasawa. Lakini kilele cha tatu, Lenana, chenye mita 4,985, mtu mwenye afya aweza kukifikia kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa mtu anayeanza, njia ya Sirimon yafaa sana. Lango lake haliko mbali na mji wa Nanyuki, na upande huo wa mlima ni mkavu kuliko ule wa Naro Moru, ambako msafiri huzama matopeni. Toka langoni hata nyumba ya Old Moses, yapata mita 3,300, ni barabara ya gari ipitayo msituni. Siku ya pili njia huvuka mito na kuingia bonde la Mackinder, lililopewa jina la Mwingereza aliyefika Batian mwaka 1899. Humo mna miti ya ajabu yenye vichwa kama kabichi kubwa, na pimbi wasioogopa watu. Mwisho wa bonde ni Shipton, yapata mita 4,200.

Mara ya kwanza nilishindwa, na kosa lilikuwa langu. Nililala Old Moses usiku mmoja tu, na kesho yake nikawatangulia wenzangu wote nikijiona kijana. Nilipofika Shipton kichwa kiliniuma sana, nikanyamaza, kwa maana ofisini nilikuwa nimejisifu mbele ya makarani wenzangu. Usiku nikatapika. Kiongozi wetu, mzee wa makamo, akaja na tochi, akaniambia, "Bwana karani, hebu tembea hapa sakafuni, kisigino mbele ya kidole." Nikayumba kama mlevi. Hakubishana nami; alinivika koti, akanishika mkono, tukaanza kushuka gizani. Kadiri tulivyoshuka, ndivyo maumivu yalivyopungua.

Baadaye nilielewa sababu. Kileleni Lenana nguvu ya hewa ni kidogo kupita nusu ya ile ya pwani, na mwili wahitaji siku kadhaa kuizoea. Asiyeupa nafasi, ubongo wake waweza kuvimba au mapafu yake kujaa maji, na ugonjwa huo huua. Hauchagui, huwapata vijana wenye nguvu na wazee vilevile. Dawa ya kutumainiwa ni kushuka upesi, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Mara ya pili tulilala Old Moses siku mbili. Mchana tulipanda juu kidogo, tukarudi kulala chini. Shipton vilevile tulikaa siku mbili, tukinywa maji na chai kwa wingi. Tulikuwa tumechagua mwezi wa Februari, kwa kuwa mvua huwa chache, lakini baridi ya usiku iligandisha maji ndebeni. Sweta mbili, glavu, kofia ya sufu na koti la mvua si anasa huko. Wala mtu asivae viatu vipya. Vidonda vya miguu vimewarudisha wengi.

Tuliondoka saa tisa usiku, kila mtu na tochi yake. Changarawe ilikuwa ikiteleza, hatua mbili mbele, moja nyuma. Tulipumzika mara nyingi, na kila tulipopumzika yule kiongozi, ndiye yule yule, alimwuliza kila mmoja habari za kichwa chake, akanitazama mimi kwanza.

Jua lilipochomoza tulikuwa juu. Barafu ya Lewis ilikuwa chini yetu, imebaki kidogo tu. Na Batian na Nelion mbele yetu, zimegeuka rangi ya shaba. Mzee akaniuliza tena habari za kichwa. Nikamjibu ya kuwa chauma kidogo. Akatazama saa yake, akasema, "Basi dakika kumi, halafu twashuka."