Mtaa wa Waitalia Uliokataa Kutengwa

Katika mji wa St. Louis, Marekani, uko mtaa wa kilimani uitwao The Hill. Waitalia walihamia huko tangu mwisho wa karne ya 19, wakachimba udongo wa kufyatulia matofali. Kanisa lao la Mtakatifu Ambrosi limesimama tangu mwaka wa 1926, na hata mabomba ya kuzimia moto yamepakwa rangi za bendera ya Italia.

Barabara kuu ilipoukata mtaa huo, baadhi ya nyumba zilitengwa na kanisa. Wenyeji hawakukaa kunung'unika. Walichanga dola 50,000, wakazipeleka Washington kwa waziri mwaka wa 1971, na daraja likajengwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.