Kabla ya Kununua Bale la Unga, Lipa Deni la Dukani

Nairobi ilifunguliwa tarehe 7 Julai 2020, na kabla hata mabasi ya kwanza hayajafika mashambani, swali lilikuwa limesharudi: je, wakitufungia tena? Rais mwenyewe alisema wazi kwamba hali ikizorota, vizuizi vitarudi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na elfu tatu kwenye simu wakati huo alijiuliza: aziache hapo, ama aende supamaketi ajaze kabati mapema kabla wengine hawajaamka?

Jibu letu ni fupi. Nunua ya wiki mbili, usinunue ya miezi miwili, na kabla ya yote lipa deni lako kwa duka la mtaani. Hiyo ya deni ndiyo watu hawaitarajii, na ndiyo tutakayoieleza zaidi.

Lakini kwanza turudi Machi 2020. Ijumaa tarehe 13, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kisa cha kwanza cha corona nchini. Siku hiyo hiyo foleni za supamaketi zikaanza kujikunja hadi nje, troli zimejaa unga, maji ya chupa, sanitaiza na tishu. (Ya tishu mpaka leo hatujaielewa. Huu ni ugonjwa wa kifua.) Wikendi hiyo bei ya sanitaiza iliruka hadi Mamlaka ya Ushindani ikaingilia kati na kuamuru supamaketi moja iwarudishie wateja pesa walizotozwa zaidi.

Sasa angalia jambo moja. Unga haukuwa umeisha nchini. Hata Aprili, Nairobi na kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilipofungwa, chakula na mizigo viliruhusiwa kupita. Kilichomaliza rafu ni hesabu ndogo tu. Duka huagiza mali kulingana na vile watu hununua siku za kawaida. Tuseme duka fulani huuza pakiti 40 za unga kwa siku. Watu kumi wakiingia asubuhi na kila mmoja akabeba bale moja la pakiti 12, hizo ni pakiti 120, yaani mauzo ya siku tatu yameondoka kabla ya saa nne. Mtu wa kumi na moja anakuta rafu tupu, anapiga picha, anaituma kwa kundi la WhatsApp la familia, na shangazi aliye Nakuru naye anachukua mkoba. Lori la unga linafika kesho yake kama kawaida, lakini ile picha imeshatangulia.

Aliyeumia kwenye hadithi hii si yule wa kumi na moja wa supamaketi. Huyo atarudi Jumanne na atapata. Anayeumia ni yule asiyenunua kwa mwezi wala kwa wiki, na huyo ndiye Mkenya wa kawaida. Tunanunua kwa siku: unga wa leo, mafuta ya kupima ya shilingi ishirini, robo ya sukari, kipande cha sabuni, sukuma ya mama mboga. Chukua mama anayefua nguo za watu Pipeline au Bamburi. Akifua leo, analipwa leo, na usiku watoto wanakula. Machi ilipofika, wengi wa waliokuwa wakimwita wakaogopa kuingiza mgeni nyumbani. Wakati huo huo shule zikafungwa, na watoto waliokuwa wakila chakula cha mchana shuleni wakawa wanakula nyumbani. Pesa zikapungua na vinywa vya mchana vikaongezeka kwa wiki moja. Mama kama huyo hawezi kushindana na mtu mwenye troli. Kitu pekee kinachomsimamisha ni duka la karibu na kile kitabu cha deni.

Ndiyo maana tunataka kukizungumzia hicho kitabu.

Ukiona rafu za duka la mtaani ziko wazi, usikimbilie kusema bidhaa zimeadimika. Mara nyingi mali iko kwa muuzaji wa jumla, tele. Kinachokosekana ni pesa za kwenda kuichukua, kwa sababu muuzaji wa jumla hutaka kulipwa papo hapo. Mwenye duka naye mtaji wake haumo kwenye droo wala kwenye simu. Umo kwenye daftari: baba fulani 640, mama fulani 1,150, fundi wa viatu 300. Kazi zilivyopungua, orodha hiyo ilirefuka. Anaandika bango la "hakuna deni leo", lakini jirani wa miaka sita akija na mtoto mgongoni, bango linageuzwa. Kila jina jipya kwenye daftari ni pakiti moja au mbili ambazo hataweza kuzirudisha kwenye rafu.

Na hapa ndipo penye uchungu. Baadhi ya waliojaza troli Machi walikuwa na deni dukani kwao. Pesa za kununua bale zilikuwepo. Zilipita mlango wa mwenye duka, zikaenda supamaketi, na zikarudi kwenye bodaboda zikiwa bale. Hatusemi walikuwa na nia mbaya, hofu humfanya mtu asione. Lakini ukilipa deni la 800, zile 800 hazikai. Kesho asubuhi mwenye duka anazipeleka kwa muuzaji wa jumla, na jioni kuna unga kwenye rafu ambao wewe, yule mama anayefua na fundi wa viatu mnaweza kununua. Ukiziweka 800 hizo kwenye bale, zinakaa chini ya kitanda mpaka utakapozila. Ya kwanza imeongeza chakula mtaani, ya pili imekihamisha tu.

Tena kuna faida yako binafsi hapo, tusijifanye watakatifu. Siku mambo yakikaza kweli na kukiwa na pakiti nne tu zilizobaki, mwenye duka atamwekea nani moja chini ya meza? Yule anayelipa.

Kama huna zote, lipa kidogo kidogo. Kuanzia katikati ya Machi 2020, kwa mpango uliotangazwa na Benki Kuu, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu hakukutozwa ada, na mpango huo uliongezwa hadi tarehe 31 Desemba 2020. Kabla ya hapo mtu alikuwa na sababu ya kungoja mpaka deni lifike elfu ili alilipe mara moja, maana kutuma kidogo kidogo mara nyingi kungemgharimu. Wakati wa mpango huo mtu aliweza kutuma mia leo na mia mbili kesho kutwa bila ada. Weka ule ujumbe wa uthibitisho, na mkutane na daftari kila Jumamosi mpige mstari pamoja. Tunashauri pia utume moja kwa moja badala ya kwenda kwa wakala kutoa pesa taslimu, kwa sababu kutoa bado kuna ada, na noti inapita mikono mingi.

Ukimaliza deni, unaweza hata kuvuka upande wa pili: mwachie mwenye duka 500 mwanzo wa wiki, akuandikie kama akiba, uwe unachukua bidhaa hadi ziishe. Kwake ni mtaji usio na riba. Kwako ni uhakika wa kupata unga, bila kulala na magunia. Fanya hivyo na mtu unayemjua tu, na kwa kiasi ambacho kikipotea hakitavunja nyumba.

Haya, na ile ya wiki mbili inapimwaje? Kwa kuangalia unachotumia, si unachoogopa. Andika kwa siku saba kila kinachoisha nyumbani. Nyumba inayopika kilo moja ya unga kila usiku inamaliza pakiti saba kwa wiki mbili. Bale zima kwa nyumba hiyo ni siku 24, na mabale matatu ni zaidi ya miezi miwili. Na unga si dhahabu, haukai. Unga uliokobolewa wa kiwandani huvumilia miezi kadhaa pakiti ikiwa kavu na imefungwa, lakini unga wa kusagisha kwenye kinu, ule wenye kiini na mafuta yake, huanza kuwa chungu mapema. Mahindi nayo yakipata unyevu hushika kuvu, na kuvu ndiyo huleta aflatoksini. Novemba 2019 tuliona shirika la viwango, KEBS, likisimamisha chapa 5 za unga kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Chini ya kitanda, kwenye chumba cha mabati ambacho pia kinapikiwa, si ghala.

Usijaze kwa siku moja. Kila ukinunua pakiti ya kutumia, ongeza moja ya kuweka, mpaka ufike kipimo chako, halafu usimame. Cha zamani kiliwe kwanza.

Kuna vitu ambavyo hatutakuambia usubiri. Dawa za presha, kisukari, pumu au za ARV: kuwa na za mwezi mzima mbele kama daktari au kliniki yako itakupa, kwa sababu hizo huwezi kuzibadilisha na sukuma. Chakula cha mtoto anayetumia maziwa ya kopo. Sodo. Gesi kama unapikia mtungi mmoja tu, uwe na jiko la makaa la dharura, la kuwashia mahali penye hewa. Sanitaiza wala usihangaike nayo kwa mitungi. Sabuni na maji vinatosha nyumbani, na spiriti nyingi karibu na jiko ni moto unaongoja kiberiti.

Wanaotaka bei ya jumla wana njia nzuri kuliko kila mtu kubeba bale lake, nayo ni chama. Nyumba kumi zikinunua gunia moja la sukari la kilo 50, kila nyumba inapata kilo 5 kwa bei ya jumla na hakuna aliyeficha kitu. Mchango wa kila mmoja hauzidi 1,000, kwa hiyo wakati wa mpango ule wa 2020 kutuma kulikuwa bure. Jambo la kuangalia ni mweka hazina. Si kwamba ni mwizi, ila pesa za watu kumi zikiingia kwenye laini moja yenye pesa zake za kodi, mwisho wa mwezi hata yeye hajui zipi ni zipi. Awe na laini ya chama tu, isiyo na pesa nyingine, na kila ujumbe wa pesa kuingia na kutoka autume kwenye kundi siku hiyo hiyo. Kugawa kufanyike kwa mizani, mbele ya watu watatu hivi. Na kama mmoja wenu hana mchango wiki hii, amueni mapema mtamsaidiaje, kabla gunia halijafunguliwa. Mambo ya namna hiyo yakiamuliwa mbele ya sukari huleta maneno.

Halafu mkopo. Ndiyo, sisi ni kampuni ya pesa na tunajua mkopo wa simu unavyopatikana kwa kubonyeza mara mbili. Bado tunasema: usikope ili kujaza kabati. Pakiti ya shilingi 120 uliyoinunua kwa mkopo si ya 120 tena, ni ya 120 na riba na ada, na utailipa hata kama vizuizi havikurudi na unga uko dukani kwa bei ile ile. Mkopo wa kumpeleka mtoto hospitali tunauelewa. Mkopo wa tishu hapana.

La mwisho ni la matapeli, kwa sababu uhaba ukitajwa wao hutangulia kufika. Kuna wanaoweka matangazo Facebook ya unga, mafuta au barakoa kwa bei ya kutupa, "lipa kwanza tukuletee". Usilipe kwanza mtu usiyemjua. Lipa mzigo ukiwa mlangoni na umeuangalia, na kabla ya kuweka nambari ya siri soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama uliambiwa ni duka na jina ni la mtu usiyemjua, simama uulize. Wengine hupiga simu wakisema umechaguliwa kupata msaada wa chakula wa serikali, na kwamba inabidi utume kidogo ya usajili au utaje nambari yako ya siri "ili mfumo ukutambue". Sisi hatutakuuliza nambari ya siri, leo wala siku nyingine, hata anayepiga akijua jina lako kamili na salio lako. Akianza kuiuliza, kata simu, kisha utupigie sisi kwa nambari ya huduma kwa wateja unayoijua wewe, si ile atakayokutumia yeye.