Umeme wa Mwili Hufichua Siri ya Jeraha

Askari aliyepigwa risasi katika mkono wa juu aweza kupona kidonda, mfupa ukaunga, na bado kiganja kikaning'inia. Hawezi kukiinua, wala kushika silaha yake. Swali lake ni moja: je, mkono huu umekufa? Jicho la daktari peke yake halitoshi kulijibu, kwa kuwa mshipa wa fahamu uliokatika na ule uliotikiswa tu huleta ulemavu wa namna moja. Hapo ndipo unapoulizwa umeme wa mwili wenyewe.

Amri za ubongo hupita katika mishipa ya fahamu kwa njia ya umeme hafifu, nao katika mkono wenye afya husafiri kiasi cha mita 50 au zaidi kwa sekunde. Daktari huuamsha mshipa kwa umeme mdogo juu ya ngozi, kisha hupima mwitikio wa msuli. Akiuamsha juu ya jeraha msuli ukanyamaza, na akiuamsha chini yake msuli ukaruka, hata baada ya wiki tatu, hiyo ni habari njema: mshipa u hai, umezibwa njia tu, na kwa kawaida nguvu hurudi.

Tumetaja wiki tatu kwa makusudi. Mshipa uliokatika kabisa huendelea kupitisha umeme upande wa chini kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kipimo cha siku ya pili chaweza kumpa majeruhi tumaini la uongo. Baada ya wiki mbili hadi tatu ukweli hudhihiri. Sindano nyembamba, ikitiwa katika msuli ulioachwa bila mshipa, huonyesha mitetemo ya umeme inayozuka yenyewe pasipo amri yoyote.

Elimu hii imelelewa na vita. Mwaka 1864 Silas Weir Mitchell na wenzake wawili, waliotibu askari majeruhi huko Philadelphia, Marekani, walitoa kitabu juu ya majeraha ya risasi katika mishipa ya fahamu. Mwaka 1943 Mwingereza Herbert Seddon aliyagawa majeraha hayo mafungu matatu: mshipa uliozibwa, mshipa ambao nyuzi zake zimekatika ndani ya ala iliyo nzima, na mshipa uliokatika wote. Mafungu mawili ya mwisho hufanana mbele ya kipimo cha kwanza, na ni muda tu unaoyatenga. Nyuzi huota upya kiasi cha milimita 1 kwa siku, na sindano huweza kunasa dalili za kurudi kwake kabla jicho halijaona kidole kikicheza. Ikipita miezi mitatu au minne pasipo dalili, daktari mpasuaji hufikiria kufungua, maana msuli uliokaa mwaka na zaidi bila mshipa ni shida kuufufua.

Jeraha la panga ni jambo jingine. Mkono ukilegea papo hapo baada ya kukatwa na makali, haingojwi miezi. Mshipa hutafutwa mapema na ncha zake huunganishwa.

Ndugu zetu wa polisi nao wajue kwamba pingu iliyobanwa mno huumiza mshipa upitao upande wa kidole gumba, na ganzi yake yaweza kudumu miezi. Kipimo hiki huionyesha vilevile.

Wakati wa kungoja, majeruhi avichezeshe viungo vya mkono ulioumia kila siku kwa msaada wa mkono mzima, visije vikakakamaa, na ailinde ngozi isiyo na hisi na moto wa sigara na wa jiko.